Injini ya Kuahidiwa

Nimeishi Ifakara miaka mingi na nimekwisha kuitwa majina mengi, mengine ya heshima na mengine ya kusemwa mtu akishapita. La karibuni nilipewa mbele ya mkutano: mpinga maendeleo. Aliyenibandika jina hilo ni kijana mmoja nadhifu, aliyeletwa na shirika fulani kukifundisha kikundi chetu cha wakobozi wa mpunga namna ya kufanya biashara ya kisasa. Sikumjibu siku ile, maana watu walikuwa wamechoka na jua lilikuwa limeshahamia kwenye viti vya akina mama. Namjibu hapa.

Kikundi chetu kina mashine ya kukoboa, si mbali na Kibaoni. Inaendeshwa na injini ya dizeli aina ya Lister, ya zamani, yenye gurudumu zito na pipa la maji ya kupoozea. Mlio wake watoto wa mtaani wanaujua kuliko kengele ya shule. Inakula mafuta, ni kweli. Inavuja oili, ni kweli pia. Lakini mafundi wetu wanaweza kuifungua na kuifunga gizani, na kipuri kikikosekana dukani huchongwa hapa hapa. Pembeni ya mashine tulikuwa na biashara ndogo ya pumba na chenga: pumba laini kwa wafuga kuku na nguruwe, pumba ngumu kwa wachoma matofali, chenga kwa akina mama wa vitumbua.

Ushauri wa kijana ulikuwa wa mambo mawili. La kwanza, tuuze biashara ya pumba na chenga, kwa sababu si shughuli yetu ya msingi; sisi ni wakobozi, tukoboe. La pili, tuitangaze injini kwamba inauzwa, tufunge mota ya umeme ya aina mpya kabisa, ambayo wakala wake angeileta kabla ya mavuno. Mota hiyo, alisema, ndiyo itakayotumiwa na kila mkobozi wa bonde hili, na atakayebaki na ya kwake peke yake ataachwa nyuma. Tulipomuuliza kama ameiona ikikoboa, alijibu kwamba ameona picha na maelezo yake.

La kwanza likapita kwa kura, mimi nikipinga. La pili ndilo lililonipatia jina.

Huenda ningenyamaza lau asingetia chumvi mwishoni. Alisema, "Mwalimu, hata makampuni makubwa ya kompyuta kule Marekani yameacha kutengeneza injini zao wenyewe. Wananunua ile inayonunuliwa na wote, na vitengo visivyo vya msingi wanaviuza." Watu wakaguna kwa kukubali. Nani abishane na Marekani?

Bahati mbaya kwake, habari hiyo naijua kidogo. Mji wetu ulipata maabara ya utafiti ya Waswisi tangu mwaka 1957, iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, na kuanzia mwaka 1996 ikafuata kazi kubwa ya kupita nyumba kwa nyumba kuandikisha kaya za Kilombero na Ulanga, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Takwimu zilikuwa hazina mwisho, na miradi ya kuzihitaji ikawa mingi. Mimi niliacha chaki kwa miaka michache nikaajiriwa katika mradi mmoja kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Wageni waliokuja walikuwa wakiacha magazeti yao ya kompyuta, nami niliyasoma yote hadi matangazo. Katika magazeti hayo ndimo nilimoifuata habari ya Silicon Graphics, mwaka baada ya mwaka, kama mtu afuatavyo hadithi ya kwenye redio. Kama kijana wetu anataka mfano wa Marekani, basi tuuchukue wote, si mkia wake tu.

Silicon Graphics ilianzishwa mwaka 1982 na Jim Clark, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wanafunzi wake kadha. Mmojawapo alikuwa Marc Hannah, Mmarekani mweusi kutoka Chicago, jina ambalo sisi huku tungepaswa kulijua zaidi ya tunavyowajua wachezaji wa ngumi. Hawakutengeneza kompyuta za kuandikia barua. Walitengeneza kompyuta za mezani za kazi nzito, za kuwekwa mbele ya mhandisi, daktari au mchora filamu, zenye uwezo wa kuchora kitu chenye urefu, upana na kina, kisha kukizungusha mbele ya macho yako kama chungu mikononi mwa mfinyanzi. Zilikuwa ghali mno. Lakini aliyezihitaji hakuwa na pengine pa kwenda. Dinosaria wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 walitoka ndani ya mashine hizo.

Sasa hapa nieleze neno moja, halafu tuendelee. Kila kompyuta ina chipu inayoitwa prosesa, nayo ndiyo inayofanya hesabu zote. Ni injini yake. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa ya ukoo mmoja hazitembei kwenye prosesa ya ukoo mwingine hivi hivi, kama vile nozeli ya Lister haiingii kwenye trekta la Ford. Kwa hiyo mtu anunuapo kompyuta ya namna hiyo hanunui sanduku tu. Anajifunga na ukoo wa prosesa yake, yeye na programu zake na mafundi wake, kwa miaka mingi.

Miaka yao ya mwanzo Silicon Graphics walinunua prosesa za Motorola, kama mtu anavyonunua injini dukani. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, wakahamia prosesa za MIPS zilizokuwa na kasi zaidi, na mwaka 1992 wakainunua kampuni ya MIPS yenyewe. Natia mkazo hapa kwa sababu nitashtakiwa kwamba nasema injini haibadilishwi. Walibadilisha, tena vizuri. Lakini walihama MIPS ilipokuwa imekwisha kuwapo, inaguswa, inapimwa, na mteja aliuziwa mashine mpya inayofanya kazi, si tangazo.

Kosa lilikuja baadaye, nalo lilikuwa la aina mbili, kama ushauri wa kijana wetu ulivyokuwa wa aina mbili.

Mwaka 1994 Intel na Hewlett-Packard walitangaza kwamba wanashirikiana kubuni ukoo mpya wa prosesa. Ndio uliokuja kuitwa Itanium, na mtoto wake wa kwanza akapewa jina la utani la Merced. Sifa zake zilienea kabla hajazaliwa. Ikasemwa kwamba zile prosesa nyingine zote za mashine kubwa zitakufa, kila mtu atahamia huko, na mwenye akili ni wa kuwahi. Mwanzoni mwa mwaka 1998 Silicon Graphics ikapata mkuu mpya, Rick Belluzzo, aliyetoka Hewlett-Packard, yaani nyumba ile ile iliyokuwa ikishiriki kuibuni prosesa hiyo. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Lakini mtu akitoka kwa muuza ng'ombe, usishangae akikushauri uuze mbuzi. Mwaka huo huo kampuni ikatangaza kwamba mashine zake za baadaye zitatumia Merced, na MIPS ikatengwa, ikaanza kuuzwa hisa zake peke yake.

Jiweke mahali pa mteja. Una kiwanda, una programu zako zote za ukoo wa MIPS. Mwenye duka anakwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ukoo huo umefika mwisho. Unamwuliza mpya uko wapi. Anakwambia unakuja. Utanunua nini siku hiyo? Ya zamani hununui, maana umeambiwa ni maiti. Mpya hununui, maana haipo. Unarudi nyumbani na fedha zako mfukoni, na njiani unapita duka jingine lenye kompyuta za kawaida za bei nafuu, ambazo wakati huo zilikuwa zimeanza kuchora vizuri. Wengi ndivyo walivyofanya. Nao wabunifu, je? Fundi hodari hakai kwenye karakana iliyokwisha kutangaziwa kufungwa. Prosesa mpya zilizokuwa zikibuniwa zikafutwa, na kampuni ikabaki kuikarabati ile ya mwaka 1996, ikiipa namba mpya kila baada ya muda.

Merced ilifika mwaka 2001. Ilichelewa, na ilipofika ilikuwa nzito kuliko ilivyosifiwa, hasa kwa programu za zamani za Intel yenyewe. Kompyuta za Silicon Graphics zilizojengwa juu ya ukoo huo, zile za Altix, zilitoka mwaka 2003, wakati wa toleo la pili. Hesabu mwenyewe tangu 1998. Ni miaka mitano ya kumwambia mteja angoje. Na ukoo wenyewe uliosemekana utawameza wote? Intel ilipeleka shehena zake za mwisho mwaka 2021, na sikusikia mtu aliyelia.

Katikati ya miaka hiyo walijaribu njia nyingine, wakaleta mwaka 1999 mashine za prosesa za kawaida za Intel zinazoendeshwa na Windows NT. Mashine nzuri, lakini wakaziweka ndani mambo yao ya kipekee hivi kwamba zilikuwa ghali kuliko za wenzao na hazikubali vipuri vya wenzao. Hazikudumu. Nalitaja hili upesi tu, kwa kuwa linaonyesha mtu aliyeambiwa awe kama wengine akashindwa kuamua kama anataka.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi, pengine kwa sababu linanuka pumba.

Mapema mwaka 1996 Silicon Graphics iliinunua Cray, kampuni mashuhuri ya kompyuta kubwa kupita zote, kwa dola zipatazo milioni 740. Ndani ya Cray kulikuwa na kitengo kimoja kidogo kilichokuwa kikibuni seva kubwa za biashara kwa kutumia prosesa za SPARC, ambazo ni za Sun, mshindani wao jirani. Wakubwa wakaona aibu. Vipi tuuze mashine yenye injini ya adui? Tena si shughuli yetu ya msingi; sisi ni watu wa kuchora na kukokotoa, si watu wa vitabu vya benki. Kabla mwaka haujaisha kitengo kile kikauzwa, na aliyeuziwa ni Sun mwenyewe. Mwaka 1997 Sun ikaitoa seva ile kwa jina la Enterprise 10000. Huo ndio wakati intaneti ilipokuwa ikilipuka na kila benki na kila kampuni ya simu ikitafuta seva kubwa. Mashine ile ikawa ng'ombe wa maziwa wa Sun. Aliyekuwa na ng'ombe alimuuza akiwa na mimba, tena kwa jirani.

Yaliyofuata ni mafupi. Mwaka 1999 baadhi ya wabunifu wa michoro wakahamia NVIDIA kwa makubaliano ya kampuni zenyewe, na NVIDIA ya leo kila mtu anaijua. Mwaka 2000 sehemu iliyobaki ya Cray ikauzwa kwa kampuni ndogo iitwayo Tera, nayo Tera ikawa na akili ya kulichukua jina la Cray. Mwaka 2006 Silicon Graphics ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na mwaka huo huo mashine za MIPS zikakoma. Mwaka 2009 ikafilisika mara ya pili, ikanunuliwa na Rackable kwa fedha ambazo hazikufika dola milioni 50. Linganisha na zile 740 zilizotolewa kwa Cray peke yake. Hatimaye Hewlett Packard Enterprise ikawanunua wote, Silicon Graphics mwaka 2016 na Cray mwaka 2019, wakakutana tena katika ua wa tajiri mwingine.

Najua hoja ya upande wa pili, na ingekuwa dhambi kuificha. Utasema, huyo Sun aliyeng'ang'ania SPARC yake mbona naye alinunuliwa na Oracle, mauzo yakakamilika mwaka 2010? Ni kweli. Kushikilia cha kwako si kinga ya kifo. Utasema pia kwamba kubuni prosesa ni gharama kubwa, na kompyuta za kawaida zingewafikia tu, wafanye wasifanye. Yumkini. Lakini hebu mtazame Apple. Mwaka 2005 ilitangaza kuacha prosesa za PowerPC na kuhamia Intel. Ilitangaza mapema, lakini prosesa za Intel zilikuwa zimejaa madukani, mashine ya kwanza ilitoka Januari 2006, na kukawekwa programu ya kuziwezesha programu za zamani kutembea kwenye injini mpya. Kabla mwaka 2006 haujaisha kazi ilikuwa imekwisha. Mteja hakuachwa kwenye kivuko bila mtumbwi. Mwaka 2020 wakahama tena, safari hii kwenda kwenye prosesa walizozibuni wenyewe, na mtindo ukawa ule ule. Kwa hiyo kijana asiniambie kwamba swali ni la kwako au la wote. Swali langu kwake ni moja tu: hiyo mpya iko wapi, niishike?

Wala sikuhitaji kwenda Marekani kulijifunza hili. Kila mtu wa Ifakara anaifahamu TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inayopita hapa kwetu kisha Mlimba, halafu ikaanza kupanda kwenda Makambako kwa mahandaki na madaraja. Vichwa vya kwanza vya treni vilitoka China, vya dizeli, nguvu ikienda kwenye magurudumu kwa haidroliki. Mlima ule ulivishinda. Vilipata joto, vikaharibika, vikalala karakanani vingi kuliko vilivyokuwa njiani. Je, reli ilifungwa ingoje vichwa vya kuahidiwa? La hasha. Katika miaka ya 1980 baadhi ya vichwa vile vile vya Kichina vilitolewa moyo, vikawekewa injini za Kijerumani za MTU, na pembeni vikaletwa vichwa vingine vya namna tofauti, vya dizeli inayozalisha umeme. Mabomba ya zamani yakakutana na moyo mpya, mafundi wakajifunza yote mawili. Kwamba TAZARA baadaye ilidhoofika, hata mwaka wa fedha wa 2014/15 ikabeba mizigo isiyofika tani laki moja ilhali ilijengwa kwa tani milioni mbili, ni habari nyingine yenye sababu nyingi, na injini ni mojawapo tu. Lakini katika lile la kubadilisha moyo bila kumwua mgonjwa, wazee wa reli walikuwa na busara kuliko maprofesa wa California.

Nirudi kwenye mkutano wetu. Biashara ya pumba na chenga alinunua kijana mmoja kutoka Mang'ula, mtu mpole, msikivu, asiyehudhuria semina. Tulimuuzia mizani, magunia, kibanda na haki ya kuchukua pumba yote kwa miaka mitatu kwa bei tuliyoiona kubwa siku ile. Hakupita mwaka akawa na matanuri mawili ya matofali na kuku wasiohesabika. Ujenzi umeongezeka Ifakara tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa na kivuko kupumzika, na matofali hayachomwi kwa maneno. Msimu uliopita mke wangu alitaka pumba debe mbili kwa ajili ya kuku wake, akaenda kuinunua kwake, pumba iliyotoka kwenye mpunga wangu, uliokobolewa na mashine yangu. Akarudi akanieleza bei bila kuongeza neno lolote. Tumeishi pamoja miaka mingi, najua kimya chake kina maana gani.

Na wale akina mama wa vitumbua, ambao zamani walipewa chenga asubuhi na kulipa jioni baada ya kuuza, sasa wanatakiwa fedha taslimu. Wawili wameacha. Hilo halikuwamo katika hesabu zilizobandikwa ukutani kwa gundi.

Kuhusu injini, kura ziligawanyika sawa kwa sawa, na mwenyekiti wetu, mzee asiyependa maneno, akasema injini itauzwa siku mota itakapokoboa gunia la kwanza mbele ya macho yake, si kabla. Kijana akamweleza kwamba kwa utaratibu huo tutapoteza mnunuzi. Mzee akamjibu, "Sawa mwanangu, tutampoteza." Hata hivyo wajumbe walikwisha kutoa fedha za msingi wa mota, kwa hiyo saruji ikanunuliwa, zege likamwagwa, na vyuma vinne vya kufungia vikasimamishwa pembe nne kwa vipimo vilivyotoka kwenye zile karatasi zenye picha.

Mavuno ya kwanza yakapita. Tukaambiwa mota iko bandarini. Mavuno ya pili yakapita, tukaambiwa iko Morogoro, jambo lililotupa moyo kidogo, maana Morogoro si mbali. Kijana amehamishiwa mkoa mwingine kufundisha wafuga nyuki. Lister bado inakoboa, inavuja vile vile, na mwezi uliopita tuliibadilishia mkanda. Zege limekauka vizuri, halina ufa hata mmoja, na wazee wawili hulichezea bao juu yake, katikati ya vile vyuma vinne, wakingoja zamu ya magunia yao.